Namna ya kuikagua laptop ya mtumba kabla hela ya bumu haijatoka mfukoni

Mimi ni fundi wa kompyuta. Kibanda changu kiko Sinza na wateja wangu wengi ni wanafunzi: wa Mlimani, wa Ardhi, wa DIT, wengine wanatoka Muhimbili. Wengi huniletea mashine wakiwa wameshailipia. Naifungua, naiangalia, kisha namweleza mwenyewe jambo ambalo lingemfaa sana kama angelijua saa moja kabla. Na hela yenyewe ni ya bumu, yaani mkopo wa chuo, au mzazi kauza mahindi, au shangazi kadunduliza mwaka mzima. Inaniuma. Ndiyo maana naandika haya, ili ukaguzi uufanye wewe palepale dukani, hela yako ikiwa bado mkononi.

Nikimsindikiza mtu Kariakoo huwa nagawa laptop mafungu mawili: vitu vinavyobadilika na vitu visivyobadilika. Betri inabadilika. SSD, yaani hifadhi ya mafaili, inabadilika, kibodi inabadilika, chaja inanunuliwa nyingine, hata kioo kikipasuka kinawekwa kingine. Lakini prosesa, ubongo wa mashine, kwa laptop nyingi imechomelewa kwenye bodi, utakaa nayo hadi mwisho. RAM, kumbukumbu inayobeba kazi ulizofungua, ikiwa imechomelewa haiongezeki. Na mashine iliyofungwa na kampuni iliyokuwa ikiimiliki haifunguki kwa njia ya halali ila kwa kampuni yenyewe. Basi mimi naanza na visivyobadilika. Mashine ikifeli hapo naiacha, hata iwe inang'aa namna gani. Ikifaulu halafu nikakuta betri imechoka, hiyo ni hoja ya kushusha bei tu.

Mpya ya bei ndogo, au iliyotumika ofisini?

Mwanafunzi mwenye laki tano hadi saba atakutana na aina mbili za mashine. Ya kwanza ni mpya, ndani ya boksi, nyepesi, rangi nzuri. Ya pili imetumika: Dell Latitude, HP EliteBook au Lenovo ThinkPad, zilizokuwa za wafanyakazi wa ofisi huko nje, zikauzwa baada ya miaka michache.

Ile mpya ya bei hiyo mara nyingi ina prosesa dhaifu ya Celeron, RAM ya GB 4 iliyochomelewa, na hifadhi ya eMMC ya GB 64. eMMC ni hifadhi iliyogandishwa kwenye bodi, ina mwendo wa taratibu kuliko SSD, na huwezi kuichomoa uweke kubwa zaidi. Windows 11 yenyewe inadai angalau GB 64 ili ikubali kuingia. Kwa hiyo siku ya kwanza tu nafasi imeshabanwa, na masasisho yakianza kushuka yanakosa pa kukaa. Mwanafunzi anafungua Word, kivinjari chenye kurasa kadhaa na PDF ya mhadhara, mashine inaganda. Ananiletea nimwongezee RAM. Siwezi. Hakuna pa kuiweka.

Mimi kwa bajeti hiyo nasimama na mtumba wa ofisini, na sioni aibu kusema hivyo kwa mtu anayetaka cha boksi. Latitude 7490, EliteBook 840 G5 na ThinkPad T480, zote za mwaka 2018, zimetengenezwa kubebwa kila siku na kufunguliwa na fundi. Zote tatu zina nafasi mbili za RAM na SSD inayochomoka. Ila chunga majina yanayofanana: T480s ina RAM iliyochomelewa na nafasi moja tu ya kuongezea, na X1 Carbon imechomelewa yote. Si mashine mbaya hizo, lakini hakikisha RAM iliyomo tayari inakutosha.

Chromebook, laptop inayotumia mfumo wa Google badala ya Windows, ni rahisi na betri yake hudumu, lakini SPSS ya takwimu haiingii, AutoCAD ya kuchorea ya kompyuta haiingii, na kila modeli ina tarehe ambayo Google inaacha kuipa masasisho. Kama kozi yako inadai programu za Windows, ipite.

Utakwenda na nini

Beba flashi, hedifoni, simu yenye bando la kuwasha hotspot, na muda. Mwambie muuzaji mapema na kwa heshima: "Kaka, naomba nusu saa niikague, ikiwa sawa nalipa leo." Muuzaji mwenye mzigo mzuri atakupa kiti na soketi ya umeme. Anayekuharakisha, anayesema kuna mteja mwingine njiani, msalimie uondoke. Kariakoo maduka ni mengi.

Kwenye flashi weka programu ya bure inayoitwa CrystalDiskInfo, ile inayofunguka bila kusanikishwa. Utaiona kazi yake mbele.

Prosesa: soma namba, achana na stika

Hapa ndipo hela nyingi za wanafunzi zinapopotelea. Muuzaji anasema, "Dada, hii ni i7, ya nini uchukue i5?" Hayo i5 na i7 ni madaraja ya prosesa za Intel, na peke yake hayatoshi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka Task Manager. Ingia Performance, kisha CPU. Juu kulia utaona jina kamili la prosesa, na chini yake neno Cores na namba. Hayo ndiyo ya kuamini. Stika iliyobandikwa karibu na kibodi inaweza kubandikwa na yeyote.

Chukua mfano wa i7-7500U na i5-8250U. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: ya kwanza ni kizazi cha 7, ya pili cha 8. Intel ilipotoa prosesa za kizazi cha 8 za laptop nyembamba mwaka 2017, iliongeza viini, hizo Cores, kutoka viwili kuwa vinne. Kwa hiyo i5-8250U ina viini vinne, na i7-7500U, pamoja na jina lake kubwa, ina viwili. Ukifungua vitu vingi kwa mpigo, ile i5 ndiyo inayokubeba. Ukiona namba inaanza na 10, 11 au 12, kama i5-10210U au i5-1135G7, hicho ndicho kizazi chake.

Kuna sababu ya pili ya kushikilia kizazi cha 8 kwenda juu. Microsoft iliacha kuipa Windows 10 masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8. Kuna watu wanailazimisha kwenye mashine za zamani na inawaka, lakini hapo uko nje ya utaratibu wa Microsoft, na siku sasisho kubwa likigoma ni juu yako. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anahitaji mashine ya miaka mitatu au minne. Usimpe iliyokwishaachwa njiani.

Usitosheke na jina la modeli. EliteBook 840 G5 na T480 nyingine zilitoka kiwandani zikiwa na prosesa ya kizazi cha 7. Nje zinafanana kabisa na wenzake. Namba ndani ya Task Manager ndiyo inayozitenganisha. Ukikutana na prosesa za AMD, mshindani wa Intel, Ryzen 5 PRO 3500U iliyoko kwenye ThinkPad T495 ni chaguo zuri na inakubalika na Windows 11.

Mashine yenye mwenyewe mwingine

Hili wengi hawalijui, na ndilo linalonisumbua kuliko yote, kwa sababu linatokea baada ya miezi.

Kampuni kubwa huko nje husajili laptop zao kwa Microsoft kabla ya kuwapa wafanyakazi. Usajili unafuata utambulisho wa vifaa vya mashine yenyewe, hasa bodi. Kampuni inapouza mashine zake chakavu inatakiwa kuzifuta kwenye usajili huo. Nyingine hazifutwi. Muuzaji anaiwasha bila intaneti, anaweka Windows, anaiuza, na wewe unaitumia muhula mzima bila shida. Siku Windows inaharibika ukaiweka upya huku intaneti imewashwa, kinatokea kioo cheupe chenye jina la kampuni usiyoijua, kinakuomba barua pepe ya kazi na nenosiri. Huwezi kupita. Ukibadilisha SSD hakiondoki, maana hakiko kwenye SSD.

Alikuja kwangu binti wa mwaka wa tatu na mashine ya namna hiyo, wiki anayotakiwa kukabidhi ripoti ya mafunzo kwa vitendo. Ripoti nilimtolea ikiwa salama, kwa kuichomoa SSD na kuisoma kwenye mashine yangu. Laptop sikuweza kumrudishia kama ilivyokuwa, na muuzaji alisema muda wa waranti umepita.

Kinga yake ni hii. Mwombe muuzaji muifanyie reset, yaani kuifuta na kuianzisha upya, hapohapo. Ingia Settings, System, Recovery, kisha Reset this PC, chagua kufuta kila kitu, halafu chagua Local reinstall ili isimalize bando lako. Inaweza kuchukua saa nzima. Kunywa chai, subiri. Ikirudi mwanzo na kuuliza intaneti, iunganishe na hotspot ya simu yako. Ikikuomba kuweka akaunti ya kawaida, imepona. Ikikuletea jina la kampuni au la shule, irudishe mezani. Muuzaji akikataa kabisa kufanya reset, angalau ingia Settings, Accounts, Access work or school uone kama kuna akaunti imeunganishwa. Lakini mimi binafsi, akikataa, sinunui.

Kisha zima mashine uingie BIOS, mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows: F2 kwa Latitude, F10 kwa EliteBook, F1 kwa ThinkPad, ukibonyeza mara tu inapowaka. Ikiomba nenosiri na muuzaji halijui, acha. Ikifunguka, soma namba ya utambulisho wa mashine humo ndani na uilinganishe na iliyoandikwa chini ya laptop. Zikitofautiana, bodi imebadilishwa au mfuniko si wake. Kwa Dell namba hiyo inaitwa Service Tag. Iingize kwenye tovuti ya Dell kupitia simu yako, itakuonyesha ilivyotoka kiwandani na tarehe iliyosafirishwa. Muuzaji akisema ni ya mwaka jana na tovuti inasema 2018, umeshapata mahali pa kuanzia mazungumzo ya bei.

Betri: hesabu ya kalamu na karatasi

Kile kiasilimia cha pembeni hakikwambii afya ya betri. Betri iliyokufa nusu nayo huandika 100%.

Tafuta Command Prompt kwenye menyu ya Start, andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Itakuandikia mahali ilipohifadhi ripoti. Ifungue kwa kivinjari. Shuka hadi Installed batteries. Utaona Design capacity, uwezo wa betri ilipokuwa mpya, na Full charge capacity, kiasi inachoweza kubeba leo. Tuseme ya kwanza ni 50,000 na ya pili ni 31,000. Gawa ya pili kwa ya kwanza: ni asilimia 62. Zaidi ya theluthi imeshakwenda. Mimi asilimia 75 kwenda juu nachukua kwa amani. Kati ya 60 na 75 naomba nipunguziwe. Chini ya hapo nahesabu bei ya betri mpya ndani ya bei ya mashine. T480 ina betri mbili, moja ya ndani na moja ya kuchomoa, kwa hiyo ripoti itaonyesha safu mbili, soma zote.

Betri za kuiga zipo, na nyingine zinadanganya kwenye ripoti. Basi ichomoe chaja, weka mwanga wa kioo juu kabisa, cheza video ya YouTube kwa dakika 15. Ikishuka asilimia tano au sita, ni ya kawaida. Ikishuka 15, hiyo ni saa moja tu ya matumizi, na umeme ukikatika hosteli katikati ya kazi utaijua. Ikiruka ghafla kutoka 40 hadi 12, betri imekwisha bila mjadala.

Wakati video inacheza fanya mengine. Gusa chini: joto ni kawaida, lakini isikufanye utoe mkono. Sikiliza feni, mlio wa kusaga ni feni ya kubadilishwa. Tazama touchpad kwa pembeni. Ikiwa imeinuka, au sehemu ya kupumzishia viganja imeachia upenyo, betri imevimba. Hiyo ni hatari, usiibonyeze wala usiipeleke hosteli.

SSD na RAM

Haya ni mepesi. Fungua CrystalDiskInfo kutoka kwenye flashi yako. Itakuandikia Good, pamoja na asilimia ya afya kwa SSD nyingi, na saa ambazo imefanya kazi. Ikiandika Caution au Bad, SSD ibadilishwe kabla hujalipa. GB 256 zinamtosha mwanafunzi wa kawaida. Ukikuta bado ina hard disk, ile diski ya zamani ya kuzunguka, na muuzaji anaisifia kwa ukubwa wake, mwambie aiweke SSD, hata ndogo zaidi. Kwa kazi za kila siku hakuna badiliko moja linaloifanya laptop ya zamani iende kama hilo.

RAM iwe GB 8 kwa uchache. Rudi Task Manager, Memory, utaona Slots used. Ikiandika 1 of 2, una nafasi ya kuongeza baadaye hela ikipatikana.

Kioo, kibodi na mwili wake

Kioo kiwe 1920 kwa 1080. Bado zipo nyingi za 1366 kwa 768, zinauzwa bei ileile, na ukisoma PDF ya kurasa mbili mbili macho yatakulaumu. Fungua ukurasa mweupe mtupu, tafuta madoa meupe yanayong'aa, alama ya kioo kilichowahi kukandamizwa. Kisha picha nyeusi tupu, utafute nukta zilizobaki na rangi. Kitazame na kwa pembeni pia. Kama rangi zinageuka, si kioo cha kukaa nacho miaka.

Fungua Notepad ubonyeze kila kitufe, kimoja kimoja, na F zote. Mashine zinazotoka Ujerumani zina Z na Y zilizobadilishana nafasi. Unaweza kupanga Windows ifuate mpangilio wa Kiingereza, lakini maandishi ya juu ya vitufe yatabaki kukuchanganya. Andika ng'ombe, uone alama ya ritifaa iko wapi na kama inafanya kazi. Katika Kiswahili utaihitaji kila siku.

Funua na kufunika taratibu ukiangalia bawaba. Mpasuko mdogo karibu na bawaba hukua. Chomeka flashi kwenye matundu yote, hedifoni kwenye tundu lake, rekodi sauti yako, washa kamera. Wi-Fi umeshaijaribu kwa hotspot.

Chaja ichomekwe kwenye mashine hiyohiyo utakayochukua, si nyingine ya kuonyeshea. Dell ikipewa chaja isiyoitambua huandika onyo inapowaka na inaweza kukataa kabisa kuchaji betri. Shika kichwa cha waya pale unapoingia, utikise kidogo. Taa ya kuchaji ikizimika na kuwaka, tundu limelegea.

Kozi yako inadai nini

Mwanafunzi wa sheria, ualimu, biashara, uuguzi: i5 ya kizazi cha 8, GB 8, SSD ya 256. Inatosha, na akiba inunue begi lenye sponji. Wa takwimu anayetumia SPSS, na wa programu, ajitahidi RAM ifike 16. Wa ubunifu majengo na uhandisi anayechora kwa Revit au ArchiCAD, nitakuwa mkweli: mashine nyembamba za ofisini zitakutesa. Tafuta za kazi nzito zenye kadi ya picha yake, kama Dell Precision, HP ZBook au ThinkPad ya mfululizo wa P, na kabla ya kununua waulize waliokutangulia kwenye kozi wanachotumia.

Usilipe nyongeza kwa sababu "ina Office." Vyuo vingi vina mpango na Microsoft unaompa mwanafunzi Office kupitia barua pepe ya chuo, uliza ofisi ya TEHAMA. Kama chuo chako hakimo, LibreOffice ni ya bure na inafungua faili za Word. Office iliyovunjwa ufunguo, anayokuwekea mtu usiyemjua, inaweza kuja na virusi vinavyokula kazi zako.

Unapolipa

Dai risiti ya EFD, na namba ya utambulisho wa mashine iandikwe kwenye risiti au karatasi ya waranti. Waranti isiyotaja namba hiyo ni rahisi kuikana. Uliza inafunika nini: bodi na kioo, au bodi tu? Ni siku ngapi za kubadilishiwa mashine, na ngapi za kutengenezewa? Iandikwe.

Ukifika chumbani usiifungie kabatini. Itumie kwa nguvu siku za mwanzo, wakati muda wa kubadilishiwa haujaisha: Zoom ya saa nzima, faili kubwa, kuilaza na kuiamsha, kuizima na kuiwasha. Ikizimika yenyewe, ikikataa kuchaji au kioo kikicheza, irudishe siku hiyohiyo, na chaja yake na risiti, wala usiifungue parafujo hata moja, maana stika ya waranti ikichanika hawatakusikiliza.

Na kama kuna fundi unayemwamini karibu nawe, mlipe kidogo muende pamoja. Mimi huwa naenda Jumamosi asubuhi, kabla maduka hayajajaa.